Mstari wa Utomvu kwenye Ukuta wa Bwalo

Siku mliyoniaga mlinipa kitenge, kiti cha kuegemea na hotuba ndefu, na katika hotuba hiyo mlitaja vyeo vyangu vyote kwa mpangilio. Nashukuru. Lakini Mwalimu Edga, anayepokea kazi yangu ya kusimamia majengo, alinivuta pembeni wakati wengine wamepanga foleni ya pilau, akaniomba nimwandikie yale ambayo hayamo kwenye makabidhiano. Makabidhiano yana funguo, makufuli na vitanda. Hayasemi kwa nini hatupigi lipu ukuta wa bwalo, na kwa nini anayekuja asithubutu kuupiga. Basi naandika hayo, nikiwa nimekaa kwenye kiti chenu, ambacho kwa kweli ni kizuri kuliko hotuba.

Ukuta huo niliujua kabla sijawa mwalimu. Wakati huo shule ilikuwa ya wavulana tu, na hapakuwa na gari la kuleta chakula huku mlimani. Kila muhula ulipofunguliwa, kila mwanafunzi alitakiwa afike na mkungu wa ndizi za kupika kutoka kibanja, shamba la migomba, cha kwao. Kaka yangu Filbati alichaguliwa kusoma hapa, na nyumbani kwetu Kamuli ilikuwa kama tumepata askofu. Mkungu wake uliletwa kwa kichwa, na kichwa chenyewe kilikuwa changu. Mzigo wa kichwani ulikuwa kazi ya mama na dada. Kaka alibeba sanduku la bati na heshima ya familia.

Tulitoka alfajiri tukafika jua limeshakuwa kali. Chini ya ngazi ya baraza la bwalo Filbati aligeuka, akanipokea mzigo kwa adabu zote, akapanda nao ngazi na kuuegemeza ukutani, kwenye safu ya mikungu ya wenzake. Msichana hakuruhusiwa kuvuka ile ngazi. Nilibaki chini na shingo yangu inayouma, pamoja na dada na mama wa watu wengine, tukitazama jinsi ndizi zetu zilivyopangwa vizuri.

Nyote mnajua mkungu uliokatwa asubuhi unavyochuruzika utomvu, na mnajua nguo iliyoingia utomvu haina dawa. Chokaa nayo ni hivyo hivyo. Muhula baada ya muhula, utomvu wa mikungu ulichora kwenye ukuta mweupe wa bwalo mstari wa kahawia, usawa wa kiuno, kuanzia mlango wa mashariki hadi kona ya jikoni.

Niliporudi mlimani hapa nikiwa mwalimu mpya, mkuu wa shule alikuwa Mwalimu Kalikisti, mtu wa Bweranyange, mrefu, aliyezungumza polepole kana kwamba kila neno lilikuwa la kwenda kusahihishwa. Hakunipeleka darasani. Alinizungusha kwenye majengo kwanza, asubuhi nzima, nami nimevaa viatu vya kisigino nilivyovinunua Bukoba kwa ajili ya siku hiyo. Sikuvivaa tena kazini.

Alinionyesha palipokuwa na darasa la kwanza la misheni, lililojengwa kwa matete na kuezekwa nyasi, ambalo sasa ni uwanja wa mpira wa pete. Alinionyesha bwalo, jengo la kwanza la matofali. Matofali yalifyatuliwa na kuchomwa kule bondeni kwenye udongo wa mfinyanzi, yakapandishwa mlimani na wazazi, yakaunganishwa kwa udongo na kupakwa chokaa kwa nje. Msingi ni wa mawe. Upenu umetoka mbele sana, ndiyo maana mtu anaweza kusimama barazani kwenye mvua ya Aprili asilowe kiatu.

"Waliojenga hapa hawakuwa na saruji," alisema, "kwa hiyo iliwabidi watumie akili."

Madarasa marefu ya upande wa pili yalijengwa shule ilipochukuliwa na serikali. Maabara ilifuata baadaye. Aliniambia kwamba nikitaka kujua jengo ni la enzi gani nitazame madirisha. Misheni waliogopa wezi, wakaweka madogo. Serikali iliogopa giza, ikaweka makubwa. "Na sisi wa leo tunaogopa kuvunjiwa vioo, tunaziba kwa mbao." Tangu siku hiyo siwezi kupita mbele ya shule yoyote nisitazame madirisha yake, na wanangu wameshachoka kusafiri na mimi.

Tulipofika barazani niliona ule mstari. Kwa bidii ya mgeni nilisema naweza kuwapanga wanafunzi wausugue.

"Wewe ni wa wapi?" akaniuliza.

"Kamuli, Mwalimu."

"Mtu wa Kamuli hujui utomvu?" Akacheka, akaweka kiganja ukutani. "Hii haisuguliki. Kila mvulana aliyesoma hapa ameacha alama yake hapa. Wengine sasa ni wakubwa nchini."

Alisema mvulana. Sikumsahihisha, maana nilikuwa mgeni na miguu iliniuma.

Niliyojifunza kwa mtu huyo ndiyo kazi yangu yote. Alinipa kifaa kimoja tu, spoku ya baiskeli aliyoinoa ncha, ambayo nimemwachia Edga kwenye droo pamoja na funguo. Unaichoma kwenye boriti: ikigoma, mbao ni nzima, ikizama, mchwa wameshahamia. Unaichoma kwenye kiungo cha matofali: udongo mkavu unaikatalia, udongo uliolowa unaipokea. Ukuta unaupiga kwa vifundo vya vidole na kusikiliza, kama unavyogonga mlango wa mtu unayejua yumo ndani. Ukisikia uwazi, lipu imeachana na tofali. Na jengo litazame mvua ikiwa inanyesha. Watu wengi hukagua baada ya mvua, wakiwa wamevaa vizuri, wakaona kila kitu kiko sawa.

Niseme wazi kwamba nilimpenda mzee yule na nililipenda lile bwalo. Lina ubaridi wa kupendeza saa saba mchana, na sauti ya mtu mmoja mbele inafika nyuma bila kipaza sauti. Nimeona majengo mengi ya gharama kubwa yasiyoweza hata moja kati ya hayo mawili.

Miaka michache baadaye shule ikaanza kupokea wasichana. Hapakuwa na bweni lao, kwa hiyo sehemu ya magharibi ya jengo la bwalo ilikatwa kwa ukuta wa ndani ikawa bweni, nami nikawa matroni wao wa kwanza. Siku walipofika na magodoro yao walipanda ile ngazi wakipiga kelele, bila hata kuitazama, kama ngazi yoyote. Niliingia stoo nikalia. Kisha nikatoka nikawakaripia kwa kuchelewa.

Wakati huo desturi ya mikungu ilikuwa imeshakwisha. Barabara ilitengenezwa, gari likaleta unga na maharage, wanafunzi wakaanza kula ugali na kuulalamikia. Mwalimu Kalikisti alistaafu. Mstari ukabaki ukutani bila mtu wa kuuongeza.

Halafu ikatangazwa kwamba anakuja mgeni rasmi. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo ya uzazi, haya niliyakuta yameshatendeka. Kamati ya mapokezi ilipita barazani ikaona ule mstari, ikapata aibu. Mtu wa mkoa mwingine angedhani ni rangi tu. Lakini kwetu sisi, utomvu ni alama ya nguo ya shambani na ya jikoni. Mgeni akipiga hodi, mama wa nyumba hukimbilia chumbani kubadili gauni lenye utomvu kabla hajasema karibu. Kamati iliona shule yetu inampokea mgeni na gauni la shambani.

Wakapaka chokaa. Mstari ukarudi. Wakapaka tena, ukarudi tena, kwa sababu utomvu hupenya chokaa taratibu mpaka uchungulie. Ndipo wakaamua kuumaliza kabisa: lipu ya saruji, nzito, kutoka ardhini hadi chini ya madirisha, barazani na kuzunguka mpaka upande wa bweni la wasichana. Niliporudi na mtoto mgongoni nilikuta ukuta laini unaong'aa na kila mtu ana furaha. Mgeni rasmi, niliambiwa, aliketi chini ya turubai uwanjani, akala, akasifu, akaondoka bila kufika upande wa bwalo.

Ilichukua miaka mingi kwa ukuta kujibu. Mimi nilikuwa nimeshakabidhiwa usimamizi wa majengo, na Mwalimu Kalikisti alikuwa ameshazikwa kwao Bweranyange. Masika moja nikitembea barazani mvua ikinyesha, kama alivyonifundisha, niligonga ukuta nikasikia uwazi. Nikasogea, nikagonga tena. Uwazi mpaka kona. Nilipoinama na kutazama kwa ubavu niliona ukuta umetoka tumbo, upande ule ule wa vitanda vya wasichana. Jioni hiyo nilihamisha vitanda vyote vilivyougusa ukuta, na kesho yake mkuu wa shule wa wakati huo akaomba mtaalamu kutoka halmashauri.

Alikuja Injinia Jovitha, binti mdogo mwenye buti za matope na maneno machache. Nilimpa ile spoku. Alitafuta ufa kwenye lipu, akaichoma kwenye kiungo, ikaingia bila kelele kama kijiko kwenye uji. Akatutazama.

"Nani alipiga saruji juu ya udongo?"

Tulitazamana, kila mtu akimtafuta mwenye kosa ambaye hayupo.

Alitueleza kwa utaratibu. Unyevu wa ardhini hupanda ukutani, na chokaa ilikuwa ikiuacha utoke nje. Saruji iliuziba ndani. Udongo unaoshika matofali ukawa tope. Alisema tuna njia mbili. Ya kwanza, kubomoa jengo lote kabla halijaanguka lenyewe. Ya pili, kuegesha nguzo, kubandua saruji yote, kuuacha ukuta wazi kiangazi kizima ukauke, kisha aje apime. "Ukikauka na kusimama, mtaujaza viungo kwa udongo na chokaa, utaishi. Usipokauka, mtakuwa mmepoteza kiangazi na mvua itawakuta. Siwaahidi."

Mkuu wa shule alitaka kubomoa. Simlaumu, na msimlaumu. Alikuwa mtu mwangalifu, na usiku alikuwa akiona ukuta unawaangukia watoto wa watu. Lakini kubomoa kulikuwa na maana moja ambayo kila mmoja aliijua. Bweni la wasichana lingekwenda na bwalo. Wavulana wangebaki kwenye mabweni yao, wasichana wangekuwa wa kutwa. Wa hapa jirani wangetembea. Wa Isingiro na wa mbali zaidi wangepanga vyumba kule senta, mageto, wakipika na kulala peke yao bila mtu mzima. Nilikuwa matroni kwa muda mrefu. Nilijua kati ya wanaoanza kidato cha kwanza kwenye mageto ni wangapi wanaofika cha nne, na nilijua wasiofika wako wapi. Wengine niliwasalimia gulioni wakiwa na watoto mgongoni, wakanificha nyuso.

Tuliita mkutano wa wazazi. Ulifanyika uwanjani, maana bwalo lilikuwa limefungwa. Mkuu wa shule alieleza vizuri, akasema jengo jipya litaanza mara tu lile litakapotoka. Wazazi wakaguna kidogo. Wote wanajua msingi mpya unavyoweza kukaa ukiota nyasi mpaka watoto waliosababisha uchimbwe wawe wameoa. Wanaume wawili watatu waliosoma hapa walisimama, wakalisifu bwalo kwa huzuni, wakasimulia ndizi walizokula humo, kisha wakasema usalama kwanza, libomolewe. Nilisema yangu kuhusu mageto. Watu waliitikia kwa vichwa, lakini niliona tunaelekea kubomoa.

Ndipo akasimama Ma Leokadia, bibi wa Isingiro, mwenye mjukuu kidato cha pili aliyemlea tangu mama yake afariki. Kiswahili chake ni cha kujifunzia ukubwani, huchanganya na Kinyambo, na hapendi kusema mbele za watu. Alishika khanga yake kifuani.

"Shikamooni wakubwa, waitu. Mimi sikusoma. Ila hapa nimefika kabla ya wengi wenu. Nilileta mikungu ya kaka zangu, huyu akimaliza nikaleta ya yule. Hawa wanaume wanasema walileta ndizi. Nani alibeba?"

Kwenye upande wa wanawake kukawa na mnong'ono, kisha kicheko cha chini kwa chini. Mmoja akajibu, "Ni sisi."

"Ego, ni sisi. Tunafika pale kwenye ngazi, kaka ananipokea. Mimi naambiwa, mwisho wako ni hapo." Akanyoosha mkono kuelekea bwalo. "Leo mjukuu wangu anavuka ile ngazi. Analala kule ndani ya ukuta. Mkibomoa, wavulana watabaki ndani. Ni yeye mnamrudisha chini ya ngazi. Mimi naomba tusubiri ukauke. Watoto wawe wanakula nje, tutakuja kupika. Usipokauka, bomoeni, sitasema tena."

Akaketi. Mkuu wa shule alivua miwani, akaivaa tena. Mwishowe alisema kama Injinia atasimamia nguzo, na kama hakuna mtoto atakayeukaribia ukuta, atasubiri kiangazi. Nilitamani kumkumbatia bibi yule. Nilibaki nimekaa, kwa sababu nilikuwa nafikiria shingo yangu.

Wasichana tuliwahamishia maabara, wakalala kati ya meza za kemia. Harufu yake sitaisahau. Nguzo za mkaratusi ziliegeshwa. Akina mama walikuja kwa zamu kupika uwanjani, Ma Leokadia wa kwanza. Mafundi wakaanza kubandua saruji kwa patasi, kwa upole, na ikawa inadondoka yenyewe kwa vipande vikubwa kama maganda.

Na chini yake ulikuwapo mstari. Ulikuwa umefifia hapa na kukolea pale, lakini wote ulikuwapo, kuanzia mlango wa mashariki hadi kona ya jikoni. Wanafunzi hawakuwahi kuuona, walidhani ni moshi. Akina mama waliacha sufuria wakaja kutazama. Mmoja alitafuta mahali, akasema ya kaka yake ilikuwa ikikaa karibu na dirisha la pili. Ma Leokadia alipitisha kidole kwenye mstari huku anatembea, mpaka mwisho, akarudi kugeuza ndizi zake zisiungue.

Kiangazi kile kila asubuhi nilichoma spoku mahali palepale. Mwanzoni iliingia. Baadaye ikaingia nusu. Siku ilipogoma kabisa nilidhani nimegonga jiwe, nikasogea, ikagoma tena. Injinia Jovitha alikuja wingu la kwanza likiwa juu ya milima, akapima, akachoma, akagonga. Akanirudishia spoku.

"Waliojenga hapa walijua kazi," alisema. Hiyo ndiyo ilikuwa ripoti yake kwetu, nyingine aliiandika ofisini.

Viungo vilijazwa kwa udongo, ukuta ukapakwa chokaa, wasichana wakarudi. Mvua za kwanza zilipokwisha, mstari ukaanza kuchungulia. Kamati moja mpya ilinijia na wazo la kuuficha kwa vigae. Niliwapeleka wakaone maabara walikolala wasichana kiangazi kile, tukalimaliza hapo. Edga, watakuja na kwako pia, watakuja na kitu kipya ambacho mimi sijakisikia. Wasikilize, wape chai, na chokaa iwe jibu lako.

Mjukuu wa Ma Leokadia alimaliza kidato cha nne akaendelea. Bibi mwenyewe bado yupo Isingiro, macho yamepungua, ukimtembelea anakupa kahawa ya kutafuna na kuuliza kama ukuta umesimama.

Lililobaki ni la siku niliyokuja kukabidhi funguo. Mliniona nikishuka kwenye bodaboda na mkungu, mkacheka kwamba mstaafu ameleta mavuno ya likizo. Niliukata kwenye kibanja changu asubuhi hiyo hiyo. Niliuweka kichwani pale getini, shingo ikanikumbusha mambo ya zamani. Edga, wewe ulinikimbilia chini ya ngazi ya baraza ukanyoosha mikono, "Lete nikupokee, Mama," kama mtoto aliyelelewa vizuri. Nilikwambia leo hapana, nawe ukaona haya mbele ya wenzako, ukadhani nimekukasirikia. Sikukukasirikia. Nilipanda ile ngazi na mzigo wangu, nikauegemeza ukutani mimi mwenyewe, nikakaa kando yake mpaka utomvu ulipofika kwenye chokaa.